Picha za Kijapani za ubao wa kuchonga, ukutani kwa projekta, hapa Bagamoyo: naombeni ushauri

mwana_dunda

Habari za jioni wakuu. Niko Bagamoyo, kazi yangu uchongaji, milango na masanduku, nimeirithi kwa marehemu mzee. Kuna jambo limeniganda kichwani wiki ya tatu sasa naombeni mnisaidie.

Mpwa wangu anasoma nje, alinitumia video ya maonyesho aliyoingia. Ukumbi mkubwa giza tupu, halafu kuta zote nne mpaka sakafuni zimejaa zile picha za zamani za Kijapani, zinatembea, maua yanapukutika, wanawake wa kimono wanageuza shingo, mwishoni linakuja lile wimbi la bluu lenye povu kama makucha, linaanzia ukuta wa kushoto linapanda mpaka darini linawafunika watu, watoto wanapiga makelele. Nimeirudia sijui mara ngapi. Nikamuuliza hizi wamechora na kompyuta? Akanambia hapana mjomba, asili yake ni mbao, zilichongwa halafu zikachapwa kwenye karatasi. Hapo ndo usingizi ulipokata. Mimi nimeshika patasi tangu nina miaka kumi na mbili, na sijawahi kuacha mstari mwembamba kama unywele juu ya ubao ukavumilia kupakwa rangi na kukandamizwa mara mia. Ukigusa tu unaruka.

Sasa kuna vijana wa mtaani kwetu wana projekta moja na wameahidiwa ya pili, wanataka kufanya usiku mmoja wa hizo picha kwenye ghala la mawe la zamani kule ufukweni, mwenye nalo karidhia, na wameniomba mimi nichonge ubao wa mfano ili watu waone kazi ilivyokuwa. Nimekubali kabla sijajua nimekubali nini. Kwa hiyo naomba anayejua, wale mafundi walikuwa wanachonga vipi hasa, ubao wa mti gani, rangi zinakaaje mahali pake bila kupishana, na hizo picha vijana wazipate wapi bila kuchukua mali ya mtu. Na jingine, kwa sababu wanaokuja ni wavuvi, mama lishe, wazee wa mtaa na watoto wa shule, sitaki waje washangae taa halafu waondoke. Nataka waondoke wamepata kitu.

chapa_mbao

Fundi, shikamoo kama umenizidi, na kwa miaka hiyo ya patasi nadhani umenizidi. Mimi nafundisha uchapaji wa picha, na swali lako la mstari ndo swali la kwanza alilotakiwa kuuliza kila mtu ila wengi huwa hawaulizi, kwa hiyo ngoja nianze nalo.

Mstari hauchongwi. Mstari unaachwa. Kinachotolewa ni ubao wa pembeni yake. Na kifaa cha kwanza ni kisu, patasi inakuja baadaye. Fundi anapita na ncha ya kisu upande mmoja wa mstari akiwa amekilaza kidogo, halafu anapita upande wa pili kakilaza kinyume, kwa hiyo mstari juu ni mwembamba lakini chini una kitako kipana, kama tuta la viazi. Ndo maana hauruki. Ukikata wima pande zote mbili lazima uruke, na nina wasiwasi ndivyo ulivyojaribu.

Ubao wao ulikuwa mcheri wa mlimani, mti mgumu wenye nyuzi zilizobana, umepasuliwa kwa urefu kufuata nyuzi. Huku kwetu haupo, tafuta mti wa matunda wenye tabia hiyo, mchungwa kwa mfano, mvule utakusumbua maana vinyweleo vyake ni vikubwa vitaonekana kwenye rangi.

Sasa sikia utaratibu. Kazi ilikuwa ya watu wanne. Kuna mchapishaji, huyu ndo mwenye hela na ndo anayeamua kitu gani kitauzika. Kuna mchoraji, anachora kwa wino kwenye karatasi nyembamba sana. Kuna mchongaji, na kuna mpigaji chapa. Mchongaji anachukua ile karatasi ya mchoraji anaigandisha kwenye ubao, uso ukiangalia chini, anaisugua mpaka inabaki utando tu michoro inaonekana kinyumenyume, halafu anachonga kupitia humo humo. Maana yake mchoro wa asili unakufa pale pale. Mchoro halisi wa lile wimbi alioushika mwenyewe Hokusai, mchoraji wake, kwa mkono haupo, ulikatwa na kisu cha mtu ambaye jina lake halikuandikwa kwenye picha. Mimi kila nikiwaelezea wanafunzi hili huwa nasimama kidogo. Na ndani ya karakana ya uchongaji kulikuwa na vyeo, fundi mkuu anachonga nyuso na nywele, wanagenzi wanachonga nguo na mandhari.

Ukimaliza ubao wa mistari unapigwa nakala kadhaa, kila rangi inachongewa ubao wake. Kuhusu kupishana, kwenye kila ubao unaacha alama mbili, moja ya pembe kama herufi L kwenye kona, nyingine mstari mnyoofu pembeni. Karatasi inawekwa kwanza kwenye zile alama halafu ndo inalazwa. Kitu chepesi hivyo, na kilifanya mwaka 1765 wakati wa mchoraji Suzuki Harunobu picha za rangi nyingi zianze kutoka kwa wingi pale Edo, ambayo ndo Tokyo ya leo. Rangi ni ya maji, inapakwa kwa brashi juu ya ubao pamoja na uji mzito wa mchele, karatasi ni ya magome ya mti wa jamii ya mforosadi, na hakuna mashine. Unasugua kwa nyuma na kidude cha duara kilichovikwa ganda la mwanzi. Lile anga linalofifia kutoka giza kwenda weupe, ni mkono unafuta rangi juu ya ubao kila mara kabla ya kuweka karatasi. Kila nakala, upya.

Kwa picha, Hokusai alifariki 1849 na mchoraji mwenzake Hiroshige 1858, haki za kazi zao zimeshakwisha zamani. Makumbusho ya Metropolitan ya New York tangu 2017 yameachia picha za kazi kama hizi bure kwenye tovuti yao, unapakua ikiwa kubwa kabisa, na Art Institute of Chicago nao hivyo hivyo. Vijana wasichukue zile za kuokoteza mtandaoni, ukizitanua ukutani zinakuwa vumbi.

dada_chumbageni

Mimi wa Tanga ila nilikuwa Paris 2019, na niliingia pale Atelier des Lumières, ni kiwanda cha zamani cha kuyeyushia chuma kilichojengwa 1835 wakakigeuza ukumbi wa mwanga, kimefungwa projekta zaidi ya mia moja. Mwaka huo walikuwa wanaonyesha Van Gogh, yule mchoraji Mholanzi, na kipande kifupi baada yake kilikuwa cha Japani, na walikuwa na sababu ya kuviweka pamoja maana Van Gogh alizikusanya hizi picha, mwaka 1887 alikaa akanakili mbili za Hiroshige kwa rangi ya mafuta, ya mti wa mplamu na ya daraja kwenye mvua.

Nisiseme uongo, nililia. Unaingia unatoka kwenye jua, giza, halafu sakafu yote inakuwa maji na taa za karatasi zinapanda juu kama roho za watu. Kwa hiyo yoyote atakayekuambia haya maonyesho ni mambo ya kupigia picha tu, usimsikilize, mtu anaguswa kweli.

Lakini kaka kuna kitu kimoja nimekibeba mpaka leo na nataka uwaambie hao vijana. Baadaye nilikuja kuliona lile wimbi lenyewe la karatasi, kwenye makumbusho. Kaka, ni dogo! Sentimita 25 kwa 37 hivi, haifikii hata karatasi ya A3. Nilisogea mpaka pua inakaribia kioo. Na pale ndo nikaona kitu ambacho ukumbini sikukiona kabisa, kwamba zile mashua ni tatu na ndani kuna watu, wamejiinamia safu mbili kama watu wako kwenye sijda, vichwa vidogo vidogo kama punje. Na ule mlima Fuji uko kule nyuma kwenye bonde la wimbi, mdogo, una theluji, ukiangalia haraka unadhani nao ni wimbi. Nilisimama dakika kama ishirini. Ukumbini wimbi lilikuwa kubwa kuliko nyumba na sikuwaona hao watu hata mmoja.

Halafu hizi video zinafanya wimbi lianguke. Linapanda, linavunjika, paap, watu wanapiga makofi. Mimi nasema hapana, hapo wanaiharibu. Yule mzee Hokusai alikuwa na miaka sabini na kitu alipoitoa hiyo picha, kama 1831 hivi, na alilisimamisha pale pale kabla halijaanguka, mpaka leo halijaanguka, na wale watu mpaka leo hujui watapona au hawaponi. Ukiliangusha umejibu swali ambalo alikataa kulijibu. Tafadhali kaka, hao vijana waonyeshe wimbi limetulia. Na mezani waweke nakala ya ukubwa wake halisi, watu wainame waangalie.

raskazone_fundi_umeme

Kiufundi kidogo mkuu. Kuta za ghala la mawe ya matumbawe zina mabonde, kama chokaa imebanduka picha itakatika, pakeni chokaa upya ukuta mmoja tu msihangaike na nne. Projekta ya lumeni 3,000 (ndo kipimo cha mwanga wake) inatosha ukuta wa mita nne kama giza ni giza kweli, zibeni madirisha na upenyo wa mlangoni. Projekta mbili kuziunganisha kingo zisionekane ni kazi ya programu maalumu na muda, kwa usiku mmoja kila moja iwe na ukuta wake. Na jenereta muwe nayo imejaa mafuta, umeme ukikatika watu wakiwa gizani ni hatari.

bi_mkubwa_ngamiani

Wanangu nimesoma uzi huu wote kwa raha. Mimi si mtu wa michoro, nimeuza khanga hapa Ngamiani Tanga tangu ujana wangu. Nataka kusema tu msiwaone Wajapani kama watu wa mbali mno. Khanga za mwanzo kabisa huku pwani, karne ya 19, zilikuwa zinapigwa chapa kwa vibao vya mbao vilivyochongwa kwa mkono juu ya kitambaa cheupe, rangi kwa rangi, ni ndugu wa hiyo kazi mnayoisema. Halafu baadaye karne ya 20 khanga zetu nyingi zilikuwa zinachapwa huko huko Japani zinaletwa na meli, jina la Kiswahili limeandikwa na mtu asiyejua Kiswahili. Marehemu mama alikuwa nazo, alikuwa akisema za Japani hazichuji. Ninayo moja mpaka leo, pindo lake lina mawimbi, najua sasa mtasema nimelitafuta, lakini ndivyo lilivyo. Nikipata mtu wa kuja Bagamoyo nitakupelekea uiweke mezani pamoja na huo ubao wako, ila uirudishe mwanangu.

chapa_mbao

Bi Mkubwa shikamoo, hiyo khanga iwekwe tafadhali, hiyo peke yake ni maonyesho.

Nimwongezee fundi vitu viwili. Moja, bluu ya lile wimbi. Ile rangi haikuwa ya Kijapani, ilitengenezwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 18, ikaingia Japani kwa meli za biashara wakati nchi imejifungia, Waholanzi na Wachina tu ndo wanaruhusiwa bandari ya Nagasaki. Ilipopungua bei kwenye miaka ya 1820 kwenda 1830 wachapishaji wakaivamia, kwa sababu bluu zao za zamani za mimea zilikuwa zinapauka. Mfululizo ule wa Hokusai unaitwa Mandhari Thelathini na Sita za Mlima Fuji, ulipendwa mpaka wakaongeza kumi, zikawa 46. Yani hicho kitu ambacho dunia nzima inakiona ndo Japani yenyewe, na tangu 2024 kiko kwenye noti yao ya yeni 1,000, kimepakwa rangi iliyovuka bahari. Mtu wa Bagamoyo hahitaji kuelezewa sana maana ya bandari.

Na zilikuwa picha za watu wa kawaida. Bei yake ilikuwa karibu na ya bakuli moja au mbili za tambi, fundi seremala ananunua, mpishi ananunua, anabandika ukutani mpaka inachakaa. Jina lenyewe ukiyo-e ni picha za dunia inayoelea, yani haya mapito, waigizaji wa ukumbini, wacheza mieleka, wanawake warembo, safari, chakula, mvua. Kwa hiyo usiogope kwamba wavuvi na mama lishe hawatazielewa. Waliolengwa ndo hao.

La pili ni tahadhari. Wachoraji wengi wa hizi picha walichora pia za chumbani, waziwazi kabisa. Vijana wakipakua kwa majina tu bila kuangalia, zinaweza kutokea ukutani mbele ya wazee na watoto wa shule. Mtu mzima mmoja akae apitie moja moja.

Halafu dada wa Chumbageni amesema kweli kuhusu udogo, lakini mwanga nao una haki yake. Rangi hizi zinaliwa na mwanga, kwa hiyo makumbusho wanazitoa kidogo kidogo halafu wanazirudisha gizani muda mrefu zikapumzike. Picha yenyewe haiwezi kuja Bagamoyo. Mwanga unaweza.

mwana_dunda

Wakuu samahani kwa ukimya, nimerudi. Tumefanya Ijumaa iliyopita na sijui nianzie wapi.

Projekta ya pili haikupatikana, aliyeahidi alifiwa. Tukabaki na moja, tukapaka chokaa ukuta wa ndani ulioelekea bahari, tukaziba madirisha na maturubai. Tukachagua tatu tu. Ile ya daraja la Ohashi kwenye mvua ya ghafla ya Hiroshige, 1857, ile ya mlima Fuji mwekundu, na wimbi. Zote zimetulia, hakuna kilichosogea. Vijana walinuna kidogo wakitaka mvua inyeshe, nikawaambia jaribuni hivi kwanza. Na hatukuweka muziki, mlango wa nyuma tuliuacha wazi nyuma ya turubai, maji yalikuwa yanajaa, yanasikika.

Ile ya mvua ndo iliyonimaliza mimi. Ikiwa mita nne unauona kila mstari wa mvua, mamia, inashuka kwa mshazari kuna inayopishana na mingine, na nikakumbuka maneno ya mwalimu kwamba hiyo yote IMEACHWA. Mtu alikaa na kisu akatoa ubao wote katikati ya matone. Nilikuwa nimesimama mbele ya watu kama themanini nikashindwa kuongea, ikabidi kijana aendelee.

Wimbi lilipokuja watoto wakapiga kelele kama kwenye video vile vile, bila kusogea! Halafu likatokea ambalo hatukulipanga. Kuna mzee nahodha amestaafu, aliendesha jahazi Unguja miaka mingi, akainuka akasogea mpaka kivuli chake kikaingia baharini kwenye picha, akaanza kuhesabu makasia kwa kidole. Akauliza hawa wamebeba nini? Kijana akasoma kwenye simu, akasema ni mashua za mbio za kupeleka samaki mjini. Mzee akasema basi samaki wataharibika hawa, ndo maana wametoka siku kama hii. Akanyamaza. Akasema tena, tazameni, hawa hawajakata tamaa, mtu aliyekata tamaa baharini anasimama, hawa wamelala kwenye makasia. Mvuvi mwingine kijana akapinga, akasema ile ya katikati omo (mbele ya chombo) si upande huo mzee, hiyo ni tezi (nyuma yake), wanalikimbia wimbi. Ikawaka. Nusu saa nzima wanabishana omo ni ipi na tezi ni ipi, mpaka wanawake wa soko la samaki wakaingia, mmoja akasema omo tezi mtajua wenyewe mimi naangalia ule mlima, kwa sababu walioko nyumbani wanakaa vile, wanaonekana wadogo na wametulia na hakuna anayewauliza. Dada wa Chumbageni, hapo nilikukumbuka.

Mezani tuliweka nakala ya ukubwa wake halisi, khanga ya Bi Mkubwa (imefika salama Bi, na itarudi, watu waliigusa kwa adabu, mama mmoja mzee aliisoma jina lake kwa sauti akacheka peke yake), na ubao wangu. Nilipata mchungwa mkavu kwa jamaa wa Kaole. Nimechonga jahazi moja na maji, kisu kimelazwa kama ulivyoelekeza mwalimu, na mistari imesimama. Mitatu iliruka kabla sijauzoea mkono, baada ya hapo haikuruka. Watoto wa shule walipiga chapa wenyewe kwa mgongo wa kijiko cha mti, wakaenda nayo nyumbani.

Sasa nimeingia kwenye ubao wa pili, wa bluu, na hapa ndo nimekwama. Zile alama mbili nimezikata, ya L na ya mstari, nakala ya kwanza bluu ilikaa vizuri, ya nne ikawa imepita mstari kwa unene wa kucha, ya saba zaidi. Ubao sijausogeza. Mwalimu kosa liko wapi?

chapa_mbao

Hongera sana fundi, nimesoma mara mbili. Kosa liko kwenye karatasi, halipo kwenye ubao. Bila shaka ulianza na karatasi kavu, ukipiga bluu inanyonya maji inatanuka, na kwa joto la Bagamoyo zilizosubiri muda mrefu zimekauka na kusinyaa kwa vipimo tofauti. Usiku wa kuamkia kazi lowesha magazeti, yakamue, panga karatasi zako katikati yake, funika na nailoni, weka ubao mzito juu mpaka asubuhi. Zote zitakuwa na unyevu mmoja. Toa moja moja, piga, irudishe humo humo chini ya nailoni mpaka rangi ya mwisho. Halafu ukipata hiyo ya saba sawasawa nitumie moja, nitalipia gari.

bi_mkubwa_ngamiani

Na mimi yangu moja. Uiweke ndani ya khanga.